TEKNOLOJIA NI NENO LA NANI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Makala haya yametokana na jibu moja baya nililolitoa darasani, na mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

Kilikuwa kipindi cha Kiswahili, baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo usingizi huwapitia hata wale wakaao madawati ya mbele. Mwalimu alituandikia ubaoni kichwa cha insha, "Umuhimu wa Teknolojia", na kabla hatujaanza kuandika akauliza, "Nani atanitajia teknolojia iliyoko hapa Mwakirunge?" Darasa likawa kimya. Mimi, kwa kutaka kuwachekesha wenzangu, nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, hapa hakuna teknolojia. Kuna taka zake tu."

Darasa zima likaangua kicheko. Ninyi mnaoishi hapa mnajua kwa nini. Kwa wale watakaolisoma jarida hili wakiwa mbali, Mwakirunge iko Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Ni mahali pa mashamba na minazi, lakini pia ni mahali pa jaa. Tangu lile jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, taka nyingi za mji zimekuwa zikiletwa kwetu kwa malori. Ukilipita jaa hilo utaona televisheni zilizovunjika vioo, redio zisizo na matumbo, simu zilizokufa na nyaya zilizosokotana kama nyoka.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya. Basi nenda ukatafute neno hilo maana yake ni nini na limetoka wapi. Ukishajua, rudi uniambie kama jibu lako ni sahihi."

Nilidhani ni kazi ya siku moja, nifungue kamusi nimalize. Kumbe ilikuwa kazi ya muhula mzima. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

NENO LIMETOKA WAPI?

Kamusi tunazotumia shuleni hulieleza neno teknolojia kuwa ni maarifa ya sayansi yanavyotumika katika vyombo na mitambo, viwandani, kilimoni na kwengineko. Maelezo hayo ni sawa, lakini hayakunitosha, kwa sababu niliambiwa nitafute na asili.

Sisi Waswahili tumelitwaa neno hili kwa Waingereza. Waingereza nao hawakulizaa. Waliliazima kutoka lugha ya Kiyunani cha kale, na ndani yake mna maneno mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni tekhne, maana yake ufundi, ustadi wa mikono, au sanaa ya kutengeneza kitu. La pili ni logos, ambalo maana yake ni neno, usemi, maelezo, na pia fikira iliyopangwa vizuri. Hilo la pili tunalijua sana ila hatujui kama tunalijua. Ndilo lililomo katika biolojia, yaani maelezo ya uhai, na katika jiolojia, yaani maelezo ya ardhi.

Basi tukilifungua neno teknolojia kama mtu anavyofungua kifundo cha kamba, tunapata maana hii: maelezo ya ufundi. Tazama vizuri, msomaji. Hakuna mtambo hapo. Hakuna umeme wala kompyuta. Kuna ufundi, na kuna maneno ya kuuelezea huo ufundi.

Wataalamu wa lugha wanakwenda mbele zaidi. Wanasema neno tekhne lina mzizi wa kale sana, uliokuwa na maana ya kusuka, au kuunga mbao na kujenga. Katika mzizi huo Wayunani walipata pia neno tekton, yaani seremala. Warumi nao wakapata kitenzi chao cha kufuma nguo, na hicho ndicho kilichowazalia Waingereza maneno yao ya nguo na ya maandishi. Kwa hivyo neno hili kubwa linalotutisha katika vitabu vya sayansi, ukilifuata hadi nyumbani kwao, utamkuta mtu ameketi chini anasuka.

Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Nilikuwa nimeketi mlangoni kwetu jioni, na mbele yangu nyanya alikuwa ameketi chini, anashona makuti.

MAANA ILIVYOHAMA

Kabla sijaeleza habari za nyanya, niimalize kwanza safari ya neno lenyewe.

Wayunani walilitumia neno lao zaidi kwa kanuni za usemaji na sarufi, maana kwao kusema vizuri mbele za watu ulikuwa ufundi mmojawapo. Waingereza walianza kulitumia karne ya 17, na kwao lilikuwa na maana ya maandishi au mafundisho juu ya sanaa na ufundi. Mwaka 1777, Mjerumani mmoja aitwaye Johann Beckmann, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Göttingen, alitoa kitabu cha kufundishia somo la teknolojia. Nia yake ilikuwa kueleza kwa utaratibu kazi ambazo mafundi walizifanya kwa mazoea. Mwaka 1829, Mmarekani Jacob Bigelow naye alichapisha kitabu chenye neno hilo katika jina lake, na mwaka 1861 chuo maarufu cha MIT kiliandikishwa huko Marekani, neno teknolojia likiwa ndani ya jina lake.

Ni baadaye sana, hasa katika karne ya 20, ambapo watu walianza kuviita vyombo vyenyewe kuwa teknolojia. Mwanzoni neno lilikuwa la maarifa ya fundi. Sasa likawa la kitu kilichotoka mikononi mwa fundi. Mtu akaanza kusema "nimenunua teknolojia mpya", na maana yake ni simu. Hapo ndipo mimi niliponaswa. Kama teknolojia ni vitu, basi asiye na vitu hana teknolojia, na penye vitu vilivyovunjika pana taka za teknolojia. Lakini kama teknolojia ni ufundi pamoja na maelezo yake, basi swali la mwalimu lina jibu jingine kabisa.

Na sisi wenyewe hapa Mombasa tuna ushahidi wa hayo. Kiko chuo kikuu kule Tudor ambacho mizizi yake ni taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili vijana wafunzwe kazi za ufundi. Mwaka 1972 kilikuwa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikapanda na kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa Kiswahili kinaitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tekhne ya Wayunani imefasiriwa hapo kuwa ufundi, na tafsiri hiyo haina ila.

MANENO YA MAFUNDI WETU

Wengine watasema, "Ala! Mbona basi Kiswahili hakina maneno yake ya mitambo, kila kitu ni cha kuazima?" Ni kweli tumeazima, tena sana. Bomba na parafujo tulivipata kwa Wareno. Gari tumelitoa Uhindini. Cherehani na karakana asili yake ni Uajemi. Hata simu unayoificha mkobani mwalimu asiione, jina lake limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Simu ya leo haina waya, lakini bado inaitwa waya! Neno likishafika Pwani halirudi kwao.

Kuazima si aibu, kwa kuwa tumeona hata Waingereza waliazima. Lakini lile neno lililo mama wa yote hatukuliazima. Neno hilo ni fundi. Hebu yapange maneno haya mstari mmoja uyatazame: funda, fundi, ufundi, funza, fundisha, mafunzo, mwanafunzi. Yote yanatoka tumbo moja. Wayunani iliwabidi waunge maneno mawili ili kupata ufundi na maelezo yake. Katika Kiswahili mambo hayo mawili yako ndani ya shina moja: fundi yumo, na kufundisha kumo. Mwanafunzi na fundi ni ndugu wa damu, ingawa siku hizi hawasalimiani.

Nasema hawasalimiani kwa sababu nyumbani kwetu imetokea hivyo, na sasa nitaeleza.

DEMA LA BABU

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa madema. Kwa wasiojua, dema ni mtego wa samaki uliosukwa kwa fito nyembamba, wenye matundu ya pembe sita pande zote. Una mdomo mpana unaoingia ndani huku ukizidi kuwa mwembamba. Samaki hufuata chambo, akaingia kwa raha zake, na akitaka kutoka hapaoni mahali alipoingilia. Siri yote ya dema iko katika mdomo huo. Ukiusuka wazi mno, samaki hutoka. Ukiubana mno, samaki haingii.

Nilipokuwa mdogo ndiye mimi niliyekuwa nikimpa fito. Yeye huketi chini ya mwembe, mimi huketi kando, akinyosha mkono namtilia ufito. Nilifanya hivyo miaka mingi, na sikumwuliza hata siku moja kwa nini huu ufito unapita juu na ule unapita chini. Mimi ni msichana, na hakuna aliyedhani kuwa nitataka kujua. Wajukuu wa kiume nao hawakuwa na haja, walikuwa wakishinda njiani na bodaboda. Babu alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Dema la mwisho alilolianza limetundikwa juu jikoni hadi leo. Ubavu umekwisha, mgongo umekwisha, mdomo hauna.

Siku moja ya Jumamosi tulijaribu kulimaliza, mimi na kaka yangu na ami yetu mmoja. Tulivunja fito nyingi. Tuliposuka tukadhani tumepata, tukilitazama ni tundu tu kama la kiota cha ndege. Nyanya alikuwa akituangalia, mwishowe akasema, "Wacheni, wanangu. Mwenyewe amekwenda nao."

Maneno hayo yalinipita siku ile. Yalinirudi nilipokuwa natafuta maana ya tekhne na logos. Babu alikuwa na ufundi. Sisi tulikuwa karibu naye kila siku, tukiwa na madaftari na kalamu, tukifunzwa shuleni kuandika insha za umuhimu wa teknolojia, na hakuna aliyeuliza. Ufundi ulikuwapo, maneno hayakuwapo, na teknolojia ikazikwa pamoja na mwenyewe.

MYUNANI ALIPOFIKA PWANI

Mwalimu wa Historia aliposikia nashughulika na neno hili aliniambia, "Umewafuata Wayunani kwao. Je, wajua kuwa na wao waliwahi kufika kwetu?" Akanionyesha habari za kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mfanyabiashara aliyezijua bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi.

Mtu huyo anaieleza pwani yetu, ambayo aliiita Azania. Anataja bidhaa zilizoletwa, kama vile mikuki, shoka ndogo, visu na vyombo vya kioo, na zilizochukuliwa, kama vile pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mji wa mwisho wa biashara katika pwani hii anauita Rhapta. Mahali penyewe wataalamu wanabishana hadi leo, ila wengi hupaweka katika pwani ya Tanzania. Lakini maana ya jina anaieleza mwenyewe: limetokana na neno la Kiyunani la kushona, kwa sababu watu wa huko walikuwa na vyombo vya baharini vilivyoshonwa.

Fikiri, msomaji. Mgeni amekuja kutoka nchi ya lugha ile ile iliyotupa neno teknolojia. Alipouona mji wetu, jina alilolitia kitabuni mwake ni la ufundi wa watu wake, mji wa vyombo vya kushona. Takriban miaka 2000 iliyopita, Myunani hakusema "hapa hakuna kitu."

Na bado kuna jambo lililonifanya niinue uso kutoka kwenye karatasi. Katika kitabu hicho hicho anataja kisiwa akiitacho Menouthias, ambacho wengine hudhani ni Pemba, wengine Unguja, na wengine Mafia. Anasema watu wa huko walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushona vya kuvulia. Kisha anasema walikuwa na namna yao ya pekee ya kunasa kasa, kwa mitego iliyosukwa kama vikapu, ambayo waliitega penye mikondo ya maji kati ya mawimbi.

Mitego iliyosukwa kama vikapu! Nilikwenda mbio nyumbani nikamsomea nyanya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo mzungu wa kale, aliandika mdomo wake wasukwa vipi?" Nikamwambia hakuandika. Akasema, "Basi na yeye aliona tu, hakuuliza."

Sikuwa na la kumjibu.

CHOMBO KILICHOPOTEA NUSURA

Hao waliokuwa wakishona vyombo waliendelea kwa karne nyingi. Chombo cha kushona kilichojulikana zaidi katika pwani yetu kinaitwa mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani. Kamba yenyewe ina kazi yake. Makumbi hufukiwa penye matope ya ufuoni kwa muda mrefu mpaka yaoze nyama yake, halafu yakapondwa, yakaoshwa, yakasokotwa. Mwenye haraka hapati kamba hiyo.

Mafundi wa mtepe waliojulikana mwisho walikuwa wa visiwa vya Lamu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyombo hivyo vilitoweka baharini, vikashindwa na majahazi ya misumari. Ilipofika mwaka 2003, mtepe mmoja ulijengwa upya huko Unguja ili watu wauone katika jumba la Beit al-Ajaib. Kama wale waliouona na kuuchunguza mtepe zamani wasingeacha mifano na maandishi, kujenga upya kungekuwa kupapasa gizani. Tena mwezi wa Desemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe iliporomoka. Chombo huoza na jumba huanguka, ila maelezo yakiandikwa vizuri fundi mwengine aweza kuanza tena.

UFUNDI BILA MAELEZO HUUA

Sasa nirudi kwenye jaa, maana ndiko nilikokosea.

Lile jibu langu la darasani lilifika nyumbani kabla yangu. Mtoto mmoja wa jirani alilipeleka. Kaka yangu mkubwa alitoka shule kwa kukosa karo, na tangu hapo riziki yake aitafuta jaani. Huokota redio na spika zilizotupwa, akazifungua, akapima kwa betri, akalehemu nyaya zilizokatika, akaziuza. Nilipoingia alikuwa ameketi na redio mapajani. Hakuinua uso. Akasema, "Taka zake tu, eti? Na ile redio usikilizayo taarifa ya habari uandikie insha zako, ilitoka wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimewachekesha watu 50 kwa jasho la ndugu yangu. Tena nilijua kwamba ningeulizwa mbele za watu kaka yako afanya kazi gani, ningesema ni fundi wa mjini.

Nilimwomba radhi. Baada ya siku kadhaa, hasira zilipopoa, nilimwomba anieleze kazi yake kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakamtoka kama maji. Ajua redio imekufa wapi kwa kusikiliza tu mkwaruzo wake. Lakini nilipomwuliza habari za nyaya, akaniambia kwamba yeye na wenzake huzichoma moto ili plastiki iishe ibaki shaba, maana shaba ndiyo yenye bei. "Na moshi?" "Moshi wenda na upepo." "Na upepo wenda wapi?" Akanyamaza.

Katika somo la Kemia tumefunzwa kwamba plastiki nyingi za nyaya zina klorini, na zikichomwa hutoa gesi za sumu. Betri za gari nazo zina risasi, na risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo, hasa wa mtoto mdogo. Hayo si ya kusimuliwa kutoka ng'ambo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Changamwe, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Watu wa kijiji waliugua kwa sumu ya risasi. Mama aliyesimama kuwatetea, Phyllis Omido, mwanzoni alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, na mtoto wake alipopimwa alikutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3.

Hapo ndipo nilipofahamu upande wa pili wa neno letu. Nimesema ufundi bila maneno hufa pamoja na fundi. Sasa naongeza kwamba ufundi bila maneno waweza pia kumuua fundi na jirani zake. Kuyeyusha betri kwataka ujuzi, na mitambo ilikuwako. Kilichokosekana ni maelezo kwa mtu aliyekuwa akivuta ule moshi.

Kaka hakuacha kazi. Angeacha tungekula nini? Lakini nyaya haichomi tena. Aichuna kwa kisu kidogo, polepole, na amewafunza wenzake wawili namna ya kushika kisu wasijikate. Anasema shaba isiyopita motoni hata hung'aa zaidi.

DAFTARI LA MAKUTI

Na nyanya je? Macho yake yameanza kupungua nuru. Niliona nisifanye kosa la pili. Nikanunua daftari la kurasa 48, nikaketi kando yake, na badala ya kumpa majani tu, nikaanza kuuliza.

Nimejifunza kuwa kuna kuti la kumba, ambalo ni tawi la mnazi lililosukwa majani yake yakiwa bado juu ya tawi, na hilo hufaa kwa ua. Na kuna kuti la viungo, ambalo majani huchambuliwa, yakakunjwa moja moja juu ya kijiti, yakabanana na kufungwa. Hilo ndilo la kuezekea. Paa huanzwa chini kwenye ukingo na kupanda juu, kuti moja likilalia jingine, ili mvua iteremke isipate mlango. Paa likilala mno maji hutuama na makuti huoza. Likisimama, maji hukimbia. Moshi wa jikoni, ule tunaoulalamikia, hufukuza wadudu walao majani.

Siku ya tatu nilimsomea niliyoyaandika. Akasikiliza kwa makini kama mwalimu anayesahihisha. Akasema, "Hujaandika kwamba mkono wa kushoto haushiki kwa nguvu. Ukishika kwa nguvu kuti litapinda. Andika." Nikaandika. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akacheka, akasema, "Kumbe nami nimo kitabuni kama wale Wayunani wako."

Nikamweleza kwamba yale afanyayo, na yale asemayo akiyafanya, yakitiwa pamoja ndiyo yaitwayo teknolojia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Neno refu. Lakini kazi ni ile ile."

JIBU LANGU KWA MWALIMU

Basi, Mwalimu, uliniambia nirudi nikishajua. Nimerudi.

Jibu langu halikuwa sahihi. Mwakirunge kuna teknolojia. Iko kwa mama ashonaye makuti, kwa mgema ajuaye mnazi upi ukatwe karara leo na upi uachwe, kwa kijana afufuaye redio iliyotupwa na tajiri. Tunayojifunza maabara na yale ya TEHAMA nayo ni teknolojia, wala sisemi tuyaache. Bila Kemia ya darasani nisingejua kuwa ule moshi una sumu. Ninalosema ni kwamba tusidhani teknolojia ni kitu kinunuliwacho dukani kikiwa ndani ya boksi. Ni ufundi wenye maelezo. Penye kimoja bila kingine, haijakamilika.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami nawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili jambo moja. Kabla ya toleo la mwaka ujao, kila mmoja amwendee mzee mmoja wa nyumbani kwake, amwulize ufundi mmoja, auandike kwa Kiswahili kiasi kwamba asiyejua aweze kuufuata. Si lazima uwe ufundi mkubwa. Waweza kuwa wa kukuna nazi, wa kusuka mkeka, wa kuunga wavu, wa kuziba pancha ya baiskeli. Tukipata kumi tu, tutakuwa tumefanya zaidi ya insha zote za umuhimu wa teknolojia tulizowahi kuandika.

Na kama kuna msomaji yeyote, mwanafunzi au mwalimu, mwenye mzee kwao ajuaye kusuka mdomo wa dema, tafadhali anijulishe. Nitakuja kwa miguu, na daftari langu mkononi. Lile la babu bado limetundikwa jikoni, lasubiri.